Mchora Mabango na Herufi Zake za Kulala

Mchora mabango wa mtaani kwetu huandika herufi za kulala tu, kila ncha na kikia chembamba kama sharubu za panya. Akichora hulaza shingo kushoto, na siku hizi hairudi tena. Akinywa supu, humwagikia sikioni. Kila bango lake likitundikwa, hunung'unika kwamba limepinda. Juzi alimpelekea mwenye bucha bango lake.

“Fundi, maandishi yanaanguka! Watu watadhani nauza ng'ombe walevi!”

“Hayaanguki, bwana. Yanawakimbilia wateja.”

Mwenye bucha akaligongomea bango upande, ili herufi zisimame wima. Nikajua fundi atalia, kazi yake imeharibiwa. Akalitazama kwa shingo yake ile, akatabasamu.

“Mtaa mzima, huyu peke yake ndiye anayejua kutundika!”