Kitanda Ndani ya Landrova

"Kuhusu Uwekaji wa Kitanda Ndani ya Gari la Serikali." Ndivyo faili lilivyoandikwa, na nililisoma mwenyewe nikiwa kwenye foleni ya ofisi ya wilaya. Mbele yangu alisimama bwana mifugo, vidole vimejaa grisi. Landrova yake kuukuu alikuwa ameifungia springi za lori bovu, akaiezeka turubai nyuma na kuiwekea kitanda cha mbao, apate kulala porini wiki nzima akichanja ng'ombe.

Karani hakuinua kichwa. "Penye kitanda ni makazi, ndugu. Makazi ni kijijini. Balozi wako wa nyumba kumi ni nani?"

"Mura, kijana wangu, mwambie balozi wako huko porini ni fisi," alinong'ona mzee nyuma yangu.

"Ndugu karani, hii ina magurudumu."

"Ndilo kosa lenyewe. Kuhamahama kumekatazwa."

"Ng'ombe wa Morotonga wanakufa."

"Wana faili lao." Akagonga muhuri taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Nimesoma maandiko mengi ya ujamaa, na hakuna lililosema mbao nne ni kaya.

Gari lilizuiwa siku tisa, hadi kitanda kilipong'olewa. Bwana mifugo alipofika Morotonga, alikuta watu wanafukia ng'ombe.