Jiwe la Baba na Damu ya Masunga

Shangazi Minza alinikuta sebuleni kwake Dutwa nikijaza majibu ya praktikali ya fizikia ambayo sikuyapima. Nikaona aibu, nikafunika daftari kwa kiwiko. Hakunigombeza. Aliketi, akaanza, nami nayaandika kama alivyoyasema:

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa fundi maabara huko mjini, mwanangu, ujana umenijaa kichwani. Tulikuwa na amplifaya ya kupima umeme mdogo mno unaopita kwenye ukuta wa seli moja. Sharti lilikuwa hili: kabla ya seli hai, unganisha kwanza seli ya bandia. Ni kijisanduku tu, kina vipande vya umeme, rezista na kapasita, jibu lake unalijua. Mashine ikilikosea hilo, usiiamini kwa lingine.

Siku hiyo alikuja Masunga, mdogo wangu, mgonjwa wa selimundu. Utafiti wetu ulihitaji damu ya watu kama yeye. Sindano alikuwa anaiogopa kama simba, lakini alinyoosha mkono. "Dada, we' msomi au mbu?" Tukacheka.

Nilitaka aione kazi yangu kabla ya basi lake kuondoka. Kijisanduku nikakiacha kwenye droo. Kila seli niliyopima ilionekana inavuja umeme. Nikaandika "zimekufa," damu yote nikaimwaga.

Kesho yake ndipo nikaunganisha seli ya bandia. Nayo ikaonekana inavuja! Kijisanduku, mwanangu, kinavujaje? Kumbe waya wa mashine ulikuwa umelegea.

Nikampigia simu arudi. "Sindano tena? Ngoja tumalize kuvuna pamba." Pamba iliisha shambani, Masunga hayupo.

Msibani kwake, kijijini Nkoma, nilipiga goti mbele ya baba, nikamwamkia Kisukuma. "Mwangaluka, baba." Nikamweleza yote. Sasa, baba huyo hakuwahi kupima pamba yake kabla ya kutundika kwenye mizani jiwe lake mwenyewe, analolijua uzito.

"Mimi sijasoma, nina jiwe," akasema. "Wewe hawakukupa jiwe?"

"Walinipa."

"Lilikuwa wapi?"

"Kwenye droo, baba."

Akainuka, akaenda kuwapokea waombolezaji.

Damu ile isingemponya, sikudanganyi. Ila aliitoa na hofu yake yote, nami nikaimwaga. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi shika hili: kipimo chako kijaribu kwa unachokijua, ndipo ukipeleke kwa usichokijua. Na usiseme kitu kimekufa kabla hujauchunguza mkono wako. Futa hayo majibu, ukapime. Mungu akupe mkono mtulivu, akuache na wadogo zako mpaka mzeeke wote.