Kula Bila Njaa

Mtoto wetu wa pili alizaliwa amekufa. Tulimzika hapa Kasongo asubuhi ya mvua, na wanawake wa mtaa wakaja na masufuria: wali, sombe la majani ya muhogo na mawese, samaki wa mto Lualaba. "Kula, mama," walisema. "Mwili unataka nguvu." Nikala. Nilipokuwa nikila hawakuniuliza kitu, wala sikulazimika kulia mbele yao.

Wageni wakaondoka, kula hakukuisha. Mume wangu akienda dukani kwake na binti yetu akiwa shuleni, nilifunga mlango wa jiko. Nilimaliza ugali wa bukari uliolala, baridi na mgumu, kisha ndizi, kisha sukari kwa kijiko. Sikusikia ladha. Niliacha tumbo lilipouma tu. Halafu nikasugua masufuria ili asijue mtu. Sokoni walikuwapo wanawake waliokimbia vita katika vijiji vya Kabambare, wakiomba muhogo, na nilipowaona nilijichukia. Siku nyingine nilishinda bila kula kitu, nijiadhibu. Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi.

Mama mkwe alifurahi. "Umenona," alisema. "Mutoto wangu anakutunza." Kwetu unene wa mwanamke ni sifa. Nani angeamini naumwa?

Dada yangu mkubwa alikuja kututembelea kutoka Lusangi, na kikapu cha karanga. Adhuhuri moja alirudi mapema kutoka sokoni, nami nilikuwa nimesahau kufunga mlango. Alinikuta sakafuni, kikapu kimebaki nusu, maganda yamejaa mapajani.

"Iko njaa?" aliuliza.

"Hapana, dada."

"Sasa iko nini?"

"Nashindwa kuacha."

Hakunigombeza. Alikaa chini kando yangu, na kesho yake tukaenda hospitali.

Muuguzi wa kwanza alinipa dawa ya minyoo. Niliimeza, hali ikabaki vile vile. Nilitaka kukata tamaa, lakini dada alinirudisha, akaomba tuonane na muuguzi anayepokea wenye mateso ya moyo. Mama huyo alifunga mlango, akaniuliza, "Ilianza lini?"

Nikamwambia habari za mazishi. Nililia mpaka dada akanishika mabega.

"Huu hauko uroho," alisema muuguzi. "Ni ugonjwa, na unatibika. Usijinyime chakula. Kula mara tatu kwa siku, pamoja na watu, na kila juma uje tuongee."

Baada ya majuma matatu nilimwambia mume wangu. Aligeuka akatazama masufuria ya jikoni.

"Miye nilifikiri ni panya," alisema.

Tangu hapo anarudi mchana tule pamoja. Lakini mwezi uliopita mvua ilimzuia dukani, nami nikafunga mlango wa jiko tena. Ilinichukua siku mbili kumwambia. Zamani nisingemwambia kabisa.