Pua ya Mama Mahakamani

Mara ya kwanza jina langu kuandikwa kwenye karatasi ya mahakama, niliandikwa mwizi. Si kwa neno hilo hasa, maana watu wa sheria hawathubutu kukiita kitu kwa jina lake. Waliandika kwamba mimi, mlalamikiwa wa pili, nimenakili kwa nia mbaya picha ya kampuni moja kubwa ya India inayouza majani ya chai. India yenyewe sijapata kuiona. Siku ile nilikuwa Woolwich, nimekaa juu ya gunia la mchele nyuma ya duka la viungo, natafuna kashata.

Na picha yenyewe ilikuwa ya mama yangu.

Kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Nawaosha, nawavisha soksi, nawapa dawa zao, halafu napanda basi kwenda kwa mwengine. Shule nilitoka nayo karatasi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuniomba nizioneshe. Lakini kwenye basi, baina ya mzee mmoja na mwengine, nachora. Nimechora nusu ya abiria wa Woolwich wakiwa wamesinzia. Ndoto yangu ni siku moja mchoro wangu ubandikwe ubavuni mwa basi lile lile, mkubwa kama nyumba, nami nimo ndani nimejinyamazia kama sijui ni wa nani.

Mwenye duka nilikuwa namwita Mjomba, ingawa si ndugu yangu. Ni Muhindi wa Unguja. Aliondoka baada ya Mapinduzi akiwa mtoto wa kubebwa, lakini Kiswahili chake kinanitia haya mimi niliyezaliwa Pemba na kukulia Thamesmead. Chai yake ya viungo ilichanganywa kwa kipimo cha bibi yake, na binamu yake aliyeko India ndiye aliyekuwa akiipakia kwenye makopo katika karakana yake ndogo. Mjomba alitaka kopo jipya.

"Nichoree mwanamke anamimina chai," aliniambia. "Awe na uso wa mtu. Usinichoree sanamu."

Nikamchora mama jikoni kwetu, birika mkononi, mtandio umeshuka begani. Mjomba akaipenda, na kunifurahisha akataka jina langu lichapwe chini ya kopo kwa herufi ndogo. Nikalizungusha kopo lile mkononi safari nzima ya kurudi nyumbani. Sikujua kwamba herufi zile ndogo ndizo zitakazomsaidia wakili wa watu kunipata.

Mama alivaa miwani akalitazama. "Hii pua ya nani?"

"Yako, mama."

"Hii ya baba yako. Mtu kaniacha miaka chungu nzima, wewe umekwenda kumrudisha katikati ya uso wangu."

Akaliweka kopo juu ya friji hata hivyo, mahali ambapo kila mgeni angeliona.

Makopo yalipoanza kuuzwa na huko India, ndipo ile amri ikatoka. Iliitwa amri ya muda. Kampuni kubwa ilikwenda kwa jaji peke yake asubuhi, na kopo lao mkono mmoja na letu mkono wa pili. Kopo lao nalo lina mwanamke na birika. Wakasema chozi linawalenga, wasiposaidiwa siku hiyo hiyo watapata hasara isiyofidika. Jaji akasikiliza upande mmoja tu, wa aliyekuwepo. Kabla ya jua kutua tukawa tumezuiwa kuuza uso wa mama yangu.

Kwetu mtu akija hata kuomba chumvi hupiga hodi. Hupiga mara tatu, asipoitikiwa huondoka. Hawa hawakupiga hata moja. Binamu yake Mjomba alimkuta afisa aliyetumwa na mahakama keshasimama ndani ya karakana, na polisi nyuma yake. Wakayahesabu makopo yetu, wakayatia magunia, wakayapiga lakiri. Halafu, na hapa ndipo nilipoanza kuwadharau kwa moyo wote, wakamwekesha binamu saini kwamba atayatunza yale magunia mpaka mahakama itakaposema vingine. Yaani wamekufungia mali yako, kisha wamekuajiri wewe mwenyewe uwe mlinzi wake.

Tukampigia simu wakili tuliyetafutiwa na binamu. Alisema Kihindi, Mjomba akanifasiria.

"Anasema tungeweka ilani mapema mahakamani, jaji asingesikiliza kabla ya kutuita."

"Yaani tungepeleka karatasi kuomba tupigiwe hodi?"

"Ndivyo."

"Na tungejuaje kama tutashitakiwa?"

Mjomba akauliza, akasikiliza, akacheka kwa pua. "Anasema ndiyo maana watu hawaweki."

Wakili alitueleza kwamba jaji huyu wa mwanzo hatafuti nani mwenye haki. Hiyo ni kazi ya kesi yenyewe, na kesi yenyewe itakuja huko mbele, wajukuu wakishaoa. Sasa anaangalia tu kama mlalamikaji ana dalili za kuwa na haki, nani ataumia zaidi, na kama maumivu hayo yanalipika. Nikauliza mama yangu kufungwa gunia anawekwa kwenye kipimo gani. Mjomba hakufasiri swali hilo.

Lakini kilichonivunja mbavu ni mnunuzi. Sheria ya huko ina mtu wake wa kubuni, mnunuzi mwenye akili za kawaida na kumbukumbu nusu nusu, anayepita dukani mbio mbio. Makopo mawili hayalinganishwi kwa macho ya mtu mzima aliyetulia. Yanalinganishwa kwa macho ya yule zuzu. Nikamcheka mpaka kashata ikanipalia. Nikamwambia Mjomba, huyo jaji hajawaona mama zetu wa Thamesmead. Mtu anaijua karafuu ya mwaka jana kwa kunusa mfuko uliofungwa. Mtu amepanda basi mpaka Barking kurudisha kilo ya mchele kwa sababu punje si zile. Huyo ndiye wa kumchanganyia makopo?

Wakili akaandika hati yangu ya kiapo, tuipeleke kuomba amri iondolewe. Aya ya sita ilisema nimechora kutokana na uso wa mama yangu, na kopo la kampuni ile nilikuwa sijaliona. Kweli tupu. Aya ya tisa ilisema hakuna mnunuzi, hata mwenye haraka, anayeweza kuuchukua mchoro wangu akidhani ni wao. Wakili alisema aya hiyo ndiyo nguzo ya nyumba, kwa kuwa inatoka kwa mchoraji mwenyewe. Nilitakiwa kuapa Alhamisi, mbele ya mwanasheria wa hapa London.

Mimi kwa kiburi changu nikaongeza wazo. Tumrekodi mama. Tumwekee makopo mawili, achague yeye mwenyewe ni yupi, tumtumie wakili ile video amcheke nayo jaji.

Jumapili baada ya alasiri Mjomba akaja kwetu na kopo la kampuni ile, kalinunua Barking. Mama akamkaribisha kwa vileja. Wakaulizana hali za jamaa, wakalilaumu baridi, wakalilaumu baraza la mtaa kwa lifti mbovu. Kisha nikayapanga makopo mezani na Mjomba akainua simu yake.

"Dada," akasema, "tunakuomba jambo dogo. Tazama hapa, utuoneshe wewe ni yupi."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. Hakuwa na haraka yoyote. Aliinamia kopo moja, akainamia la pili, akarudi la kwanza. Kisha akalishika lile la kampuni.

"Huyu ndiye mimi."

"Mama, tazama vizuri."

"Nimetazama. Huyu mimi nilipokuwa na nyama mashavuni. Huyo mwengine ana pua ya baba yako."

"Huyo mwengine ndiye niliyekuchora."

"Basi ulikosea."

Mjomba aliendelea kushika simu kwa muda, kama aliyesahau kuwa inarekodi. Kisha akaizima, akachukua kileja. "Mimi sitasema kitu, mwanangu," akaniambia mlangoni akiondoka. "Makopo yangu, saini yako."

Siku tatu zile nilihangaika. Kwenye basi sikuchora mtu. Nilikuwa najitetea kimoyomoyo: mama si mnunuzi, mama ni aliyechorwa. Hakuulizwa chai ipi, aliulizwa uso upi. Na mwanamke gani haoni aliye mzuri zaidi kuwa ndiye yeye? Hoja zilikuja moja baada ya moja, zote zimevaa suti. Nilipofika Woolwich nikatambua kwamba nazungumza sawasawa na wale wa kampuni, wale wa chozi na hasara isiyofidika. Nikajionea kinyaa kidogo. Kuapa na kusema hakuna mtu duniani atakayechanganya, na mtu wa kwanza kuchanganya yuko jikoni kwetu anachambua mchicha.

Lakini nikiifuta ile aya, yale magunia hayafunguliwi, nami nabaki mwizi. Hilo lilikuwa wazi kwangu hata bila wakili.

Alhamisi mwanasheria wa London alinipa msahafu na hati. Alikuwa na mafua na haraka.

"Umeisoma yote?"

"Nimeisoma. Nataka kufuta aya ya tisa."

"Yote?"

"Yote."

Akanipa kalamu. Nikapiga mstari, nikatia herufi za jina langu pembeni kama alivyonielekeza. Zilikuwa herufi ndogo, kama za chini ya kopo.

Siku ya kusikilizwa tulikaa watatu nyuma ya duka kabla ya kufungua, laptopu juu ya katoni la tambi, maana mahakama ile huruhusu watu kutazama kwa mbali. Mama alivaa mtandio wake wa sikukuu. Nilimwambia jaji hatamwona. Akasema, huwezi kujua.

Kesi zilizotangulia zilikuwa kama foleni ya posta. Wakili anasimama, anaomba tarehe nyingine, anapewa, anainama. Ilipofika yetu, wakili wa kampuni alisema jambo moja tu lililonipata. Alisema hata mchoraji mwenyewe, alipopewa nafasi ya kuapa kwamba picha hizi hazichanganyi, aliifuta aya kwa mkono wake. Mjomba akafasiri taratibu, hakunitazama.

Jaji alizungumza kwa muda wa maji ya chai kuchemka. Dalili zipo, mnunuzi anaweza kuchanganyikiwa, amri iendelee mpaka kesi kuu iishe. Na je, nilinakili au sikunakili? Akasema hilo haliamui leo, litapimwa kwa ushahidi wakati wake ukifika. Kwa hiyo mimi si mwizi, ni mwizi wa muda. Sijui muda huo una urefu gani. Namjua mzee mmoja ninayemlea ambaye naye aliwekwa kwenye nyumba ya muda baada ya vita, kaondolewa ana mvi.

"Kwa sababu yangu?" mama akauliza.

"Kwa sababu ya pua," nikasema.

Mjomba akacheka ndipo nami nikaweza kucheka. Akafunga laptopu, akaenda kufungua mlango wa duka. Chai yake sasa inakuja kwenye makopo meupe yasiyo na kitu, na watu wa Woolwich wanainunua vile vile, wanafungua kifuniko, wananusa, wanalipa. Hakuna aliyeuliza yule mwanamke kaenda wapi. Nalo hilo nimelidharau, ingawa sijui nimdharau nani.

Baadaye Mjomba alinipigia simu. Alitaka picha mpya, isiyofanana na ya mtu yeyote. Nikamkalisha mama dirishani, nikachonga penseli.

"Mara hii nataka pua yangu," akasema.

"Ipi? Nielekeze."

Akanyoosha mkono juu ya friji, akalichukua kopo la kampuni ile, lile la Barking aliloliacha Mjomba, akaliweka ubavuni mwa shavu lake. "Kama hii."

Nikamnyang'anya kopo, nikalitia kabatini chini ya sinki, nikasimama mbele ya mlango wa kabati. Sikumpa nafasi ya kusema neno.

"Unalifungia mpaka lini?" mama akauliza.

"Kwa muda tu," nikamwambia, nikaanza na pua.