Meli Iliyokwama Mawinguni

Sitaki mtu aniite Mawingu tena, na kabla hamjaanza kucheka sikilizeni vile ilienda, kwa sababu aibu niliibeba peke yangu na makosa hayakuwa yangu peke yangu.

Mwalimu Koech wa historia alitupeleka saiba ya Kericho mjini, lile duka la intaneti, mimi na Wanjiru, kila mmoja apendekeze websaiti moja ya kusomea ile safari ya Wareno ya kuzunguka Afrika mpaka Bara Hindi. Tungezionyesha siku ya wazazi, ndio waamue kama kompyuta yetu moja (tuliletewa na wageni wa kanisa) itabaki, ama kile chumba kigeuzwe stoo ya mahindi. Wanjiru akachagua ya maandishi matupu, ndefu kama mahubiri. Mimi nikapata yenye picha ya meli imejaza skrini yote (ilifunguka tukiwa nje tunakula mandazi, sikuona imechukua muda gani).

"Kipro, hiyo ni nzito," Wanjiru akaniambia. "Laini ya simu ya shule haitaiweza."

Nikamwambia wivu ni mbaya.

Siku ikafika, wazazi wamejaa, nikaomba kuanza, nikatangaza kwa sauti ya mchungaji, "Mtaona meli na nahodha wake!" Nikabonyeza. Mashine ikalia kama paka amekanyagwa mkia, halafu picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari mmoja, tunangoja, mstari mwingine. Bluu. Tukaangalia bluu mpaka nikaanza kuielezea ("hii ni anga ya baharini, wazazi, Wareno waliiona hivi hivi").

"Weri, wewe kijana," akasema Mzee arap Tonui, aliyetaka stoo tangu zamani, "hayo si mawingu? Hata hapa Bomet tuko nayo."

Watu wakavunjika mbavu. Lakini ncha ya mlingoti ikatokea! Nikaruka, kina mama wakasogea mbele, na Hedimasta kwa furaha akakimbia ofisini kumpigia chifu simu aje aone meli. Simu hiyo hiyo! Laini hiyo hiyo moja ya shule tuliyokuwa tunatumia! Intaneti ikakatika, skrini ikawa nyeupe, tukaanza upya: bluu.

Saa ya kukamua ng'ombe nayo haingoji Mreno. Wazazi wakainuka, wakapiga kura wakiwa wamesimama, mahindi yakashinda. Na Hedimasta, bila haya hata kidogo, ananiuliza mbele ya watu, "Kijana, mbona ulituletea mawingu?" Mimi! Kwani ni mimi nilishika simu?

Sasa kompyuta imefunikwa gunia, na mimi kila Jumamosi nageuza mahindi kwa kile chumba yasishike ukungu, huku Wanjiru akipita dirishani kuuliza kama meli imefika. Naapa, nikiulizwa tena websaiti ya kusomea historia, nitataja ile yake ya maandishi matupu. Lakini kwanza niende ofisini niikalie simu.