Gidabuday, Mjapani wa Hanang

Jina la Mjapani hakupewa na mama yake. Alipewa na vijana wa mnadani Katesh, siku aliporudi kutoka kozi ya viongozi wa vijiji amevaa suruali ya kaki na viatu, kichwa amenyoa, na shuka yake ya lubega ameikunja ndani ya mfuko kama kitu cha kuficha.

Huko kozini mwalimu mmoja aliwasimulia habari za Japani. Mabwana wa nchi ile, alisema, walifunga nywele utosini na kuwafungia wageni mlango, mpaka zilipokuja meli zenye mizinga wakaona sasa wanamezwa. Ndipo wachache wenye akili wakasema, tubadilike wenyewe kabla hatujabadilishwa. Wakakata nywele, wakajenga reli na shule, na wale wageni wakaanza kuwaheshimu. Wenzake Gidabuday walisinzia. Yeye hakusinzia. Maneno yale yalimwingia, na hayakumtoka tena.

"Tubadilike wenyewe kabla hatujabadilishwa." Aliyasema kisimani, aliyasema mnadani, aliyasema mikutanoni, mpaka watu wakimwona kwa mbali wanageuza njia.

"Mjapani!" vijana walimwita. "Meli yako umeifunga kwenye mti gani?"

Alicheka nao. Hakuwa mtu wa hasira siku zile. Walimchagua mwenyekiti wa kijiji hivyo hivyo, wakimcheka, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kukaa ofisini kutwa nzima akingoja mkubwa amalize chai. Akaleta josho la ng'ombe. Akazunguka boma kwa boma akitoa watoto kwenda shule, na kwa wazee wa Kibarbaig, wafugaji wenzake, hiyo si kazi ya kuchekesha. Mwisho akaoa Bernadina, Mmbulu wa Tumati, Mkristo, na akasema huyo mmoja anatosha.

Dada yake, Udagwenga, alikuja kumtazama bibi harusi. Akamzunguka kama anakagua mtamba. "Mikono ya jembe hii," akasema. "Haya. Mjapani kapata wa kumlimia."

"Na wewe nitakulimia, wifi," Bernadina akamjibu. "Maziwa peke yake hayashibishi." Udagwenga akacheka bila kutaka. Wakapatana, kwa namna yao.

Kisha ikaja ngano. Wapimaji walitokea tambarare chini ya mlima na fimbo zao zenye rangi, na habari ikasemwa wazi: serikali inataka shamba kubwa, taifa lipate mkate. Wazee walikataa. Ile tambarare ilikuwa malisho ya kiangazi, hilo moja. Lakini zito zaidi ni makaburi. Mbarbaig mwenye heshima akifa hafukiwi tu na kuachwa. Anajengewa bung'eda, tuta la udongo na samadi, ukoo unalipandisha kidogo kidogo kwa miezi, na siku ya kulifunga watu wanakuja kutoka mbali wakiimba. Likishafungwa haliguswi. Linashuka lenyewe pole pole, linaota majani, na watoto wanajua baba yuko pale. Baba yao Gidabuday na Udagwenga alikuwa pale, katikati ya tambarare.

Gidabuday aliona reli zake. Aliona zahanati, kisima cha pampu, vijana wa Kibarbaig wakiendesha trekta. Akasema atawapatanisha.

Akamchukua meneja wa shamba, mtu wa mbali, mpole, mnene kidogo, akampeleka mpaka kwenye tuta la baba yake. Wazee walikaa chini. Pombe ya asali ikamiminwa kwenye pembe, nyingine ikamwagwa juu ya tuta, na pembe ikapewa meneja.

"Ndugu Meneja," Gidabuday akasema, "chukueni malisho. Makaburi msiguse."

"Hatutagusa, Ndugu Mwenyekiti," meneja akasema, akanywa. Akasifu pombe. Akaomba tena.

Wazee wakatazamana. Mtu akinywa pembe juu ya kaburi amefungwa na kiapo. Akirudi nyuma, yule aliyelala chini ndiye atakayemdai. Hakuna aliyewahi kusikia mtu aliyethubutu. Ng'ombe wakahamishwa kwenda milimani.

Bernadina aliposimuliwa aliacha kupepeta. "Kwa nini hukumwambia aandike?"

"Amekunywa pale."

"Kwao wananywa bia, baba. Mtu akinywa kwao anakuwa amekunywa tu."

"Wewe Mmbulu, hujui mambo haya."

"Ninayajua ya ofisini. Wewe ndiye ulinifundisha."

Gidabuday akatoka nje akamwacha. Miaka yote aliwaambia wazee waache mambo ya kale, na lilipokuja jambo kubwa kuliko yote akaegemea la kale, kwa mtu ambaye hakulelewa nalo.

Ngano ikaota, ikawa njano mpaka upeo wa macho. Kisima hakikuja. Zahanati haikuja. Ng'ombe waliokatiza shambani kwenda majini walikamatwa, na wachungaji wakapigwa. Kila walipomlilia Gidabuday aliwaambia, "Vumilieni, mambo mapya yanaanza na uchungu," na alisema kwa sauti ya mkutano hata kama aliyekuja ni mtu mmoja. Jambo moja lilimpa uso wa kusimama mbele yao: matuta yalikuwa bado yapo, trekta zikiyazunguka.

Halafu yule meneja akahamishwa. Akaja mwingine.

Habari ililetwa na wanawake waliokwenda kuni. Gidabuday alikimbia na viatu vyake mpaka kimoja kikamtoka. Alipofika trekta ilikuwa imeshageuza kichwa inarudi. Pale penye tuta la baba yake palikuwa udongo mweusi, umelala vizuri, mistari imenyooka. Kazi safi. Dereva alimpungia mkono.

Alimkuta meneja mpya kibarazani kwake.

"Mwenzako alikunywa," Gidabuday akasema, akihema. "Alikunywa pembe juu ya kaburi kwamba hamtagusa."

"Alikunywa nani?"

"Meneja."

"Mimi nilikunywa?"

"Hapana. Lakini wewe si meneja?"

Yule bwana akacheka, hakuwa na ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho. "Ndugu Mwenyekiti, wewe ni mtu wa maendeleo, unasifiwa mpaka wilayani. Tulime tukizunguka kila kichuguu? Tutavuna nini?"

Kichuguu. Maneno yote aliyokuwa nayo Gidabuday alikuwa ameshayatumia kwa watu wake.

Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao, na mwanaume akihukumiwa humo hana pengine pa kukimbilia. Walikuja nyumbani kwake na fimbo zao na sketi zao za ngozi, wakiimba, Udagwenga mbele. Wakajaza uwanja. Hukumu ni dume jeusi la ng'ombe: mwenye kosa analitoa, wanawake wanachinja, wanakula, jambo limekwisha na mtu ni mtu tena. Gidabuday hakubisha. Alitaka hilo tu, aitwe mtoto wa baba yake. Akaenda zizini mwenyewe akalitoa dume, jeusi tii, linang'aa.

Udagwenga akapitisha mkono mgongoni mwa dume. Mwaka ule ng'ombe wa watu walikuwa mifupa na ngozi.

"Hili limenenepa wapi?"

Gidabuday akaizungusha kamba mkononi.

"Mjapani, nakuuliza. Limekula wapi?"

"Kwenye mabua," akasema. "Baada ya kuvuna. Shamba waliniruhusu... kama mwenyekiti."

Kelele zikakatika. Mwanamke mmoja akatema mate. Udagwenga akatoa mkono wake mgongoni mwa dume, akaufuta kwenye sketi.

"Tuta la baba limelimwa juzi," akasema. "Ya wengine yaliyokuwa yameshashuka, ambayo hukuyajua wewe mtu wa shule, yamelimwa tangu mwaka wa kwanza. Umelilisha dume juu ya watu. Hatuli."

"Dada, nitaleta lingine."

"Yote yamekula huko. Umetuita washamba, tukanyamaza. Leo huna dume la kutulipa. Ukifa, hakuna atakayekuletea udongo."

Wakaondoka bila kuimba. Dume likabaki limesimama uwanjani, na yeye kaishika kamba.

Aliacha uenyekiti, akahamia Tumati kwa wakwe. Alijifunza kulima kwa jembe la mkono, vibaya. Watoto wa huko walimpa shikamoo kwa adabu, hakuna aliyemwita Mjapani, na suruali hakuiacha. Ngano akiiona sokoni alipita upande wa pili. Gidabuday alipofariki, Bernadina ndiye aliyemzika, kwenye makaburi ya kanisa, penye safu, kaburi la kawaida na msalaba wa mbao.

Mtu alitumwa Hanang kumpelekea Udagwenga habari. Alimkuta akikamua. Akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mvua imenyesha huko Tumati, akaendelea kukamua.