Gramafoni Kwenye Seng'enge

Mjomba wangu Kitheka hakuweza kusikia wimbo mzuri akaufurahia peke yake. Akipata santuri mpya kutoka duka la Muhindi pale Thika, hakungoja hata kula. Alitoa meza nje ya nyumba yake, kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa mkonge karibu na Ruiru, akaweka gramafoni juu, akazungusha hendeli, kisha akaanza kuita watu kwa majina. Mara ilikuwa magitaa ya Kongo, mara kodiani, na kila mara aliapa kwamba hii ndiyo inashinda zote.

Aliyesikiliza kwa makini zaidi alikuwa jirani yake Warigia, mjane Mkikuyu. Huyo hakucheza. Alikaa juu ya debe mpaka santuri ikaisha, ndipo akasema kama ilikuwa nzuri au ya bure. Kitheka alimbishia sana, lakini mama yangu Nduku, dada yake, anasema santuri aliyoikataa Warigia haikupigwa tena mara nyingi.

Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ikawatenganisha. Wakikuyu wote walitolewa kwenye laini wakapelekwa kijiji kipya kilichozungushiwa seng'enge, na nje ya seng'enge kulikuwa na handaki lililopandwa vijiti vilivyochongwa. Wanawake wenyewe ndio walilazimishwa kulichimba, huku homugadi, walinzi waliopewa bunduki na serikali, wamewasimamia. Kitheka, kwa kuwa ni Mkamba, aliachwa aendelee kukata mkonge. Alinunua santuri nyingine, akaipiga peke yake, na akaona haina ladha.

Jumapili moja mchana alijitwika gramafoni, akafunga santuri zake kwenye shuka, akaenda mpaka ukingo wa nje wa handaki. Wanawake walikuwa chini wakichimba.

"Warigia," aliita, "nimeleta mpya. Niambie ukweli."

Ulikuwa wimbo wa mwanamume anayemwomba mke wake arudi kutoka kwa wazazi wake. Majembe yakasimama. Mwanamke mmoja alikaa kwenye udongo akafunika uso kwa leso.

Wimbo haukufika mwisho. Homugadi mmoja, Bedan, alikuja mbio na wenzake wawili. Kitheka alimfahamu vizuri, maana zamani alikuwa akija kucheza dansi pale kwenye laini. Bedan alisema nyimbo hizo ni ishara kwa wapiganaji wa msituni. Kitheka alipofungua kinywa kueleza, kitako cha bunduki kilimpata kwenye sikio la kushoto, akaanguka. Bedan akafungua shuka, akatoa santuri moja baada ya nyingine, na kila moja akaivunjia kichwani mwa Kitheka. Vipande vilikata kama chupa. Kila alipovunja aliuliza ni nani amemtuma, na Kitheka, macho yamejaa damu, alitaja jina la Muhindi wa duka kwa sababu hakuwa na jina lingine.

Warigia alipanda kutoka handakini na jembe lake. Alimpiga Bedan mkononi, na wanawake waliokuwa chini wakasikia mfupa ukivunjika. Wale homugadi wengine walimvamia kwa marungu, na alipolegea wakamtupa handakini, juu ya vijiti. Kimoja kiliingia pajani kikatokea upande wa pili. Wanawake walimchomoa kwa mikono yao, na kabla damu haijakauka alipakiwa kwenye lori akapelekwa jela.

Kitheka alibebwa na wakata mkonge wenzake, pamoja na gramafoni yake. Sikio lile halikusikia tena.

Miaka ilipita kabla Warigia hajafunguliwa. Alitoka akichechemea, akakuta kijiji kimempa mtu mwingine nyumba yake. Kitheka, ambaye sasa alikuwa na kazi ya kiwanda Thika na chumba kimoja, alikwenda kumchukua. Watu walisema walivyotaka. Wao waliishi pamoja, na Jumapili meza ilitoka tena nje.

Jumapili moja Bedan akaja. Mkono wake ulikuwa umepinda. Alisimama mbele ya meza, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kukaa asikilize kidogo.

Kitheka alichomoa hendeli akampiga nayo mdomoni. Akampiga tena, na tena. Bedan hakuinua mkono kujikinga. Alipokuwa ameshapiga magoti, Warigia alimshika Kitheka kiuno kwa nyuma.

"Mwache," alisema. "Mimi nimelala jela. Wewe hutaiweza."

Bedan alitema meno, akaokota kofia, akaenda zake. Kitheka alimwambia mama baadaye kwamba siku zote alidhani siku ya kulipiza atasikia raha, kumbe alitapika nyuma ya nyumba.

Kwa kuogopa ndugu za Bedan, walihamia kwetu, mashariki ya Thika, wakati wa kiangazi. Mama aliwapa chumba. Warigia aliingia shambani pamoja naye siku iliyofuata, akacheka Kikamba chake mwenyewe kila alipokosea. Mjomba alikaa kivulini na watoto wote, sikio zima limeelekea gramafoni, akituuliza kila baada ya muda kama tumesikia pale gitaa linapoingia.